Damu Irudipo

Jambo nililokusudia kuzungumza nanyi jioni hii ni jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kupingana na akili: ya kwamba damu, ambayo kukatika kwake katika kiungo cha mwili ni mauti ya kiungo hicho, inaporudi baada ya kukatika huja na jeraha lake yenyewe, na ya kwamba mimea tunayoila na kuinywa kila siku ina vitu ndani yake ambavyo wataalamu wamekuwa wakivichungua kwa miaka mingi sasa, kwa matumaini ya kulizuia jeraha hilo. Nimelichagua kwa kuwa manjano, habasoda na karafuu husifiwa leo sokoni na majumbani kwa sifa ambazo nusu yake ni haki na nusu yake ni hatari, na mtu asiyeujua mpaka kati ya nusu hizo mbili aweza kumpoteza mzee wake kwa kumchemshia kikombe cha mizizi saa ile ile ambayo angekuwa naye njiani kwenda hospitali.

Tuanze na damu. Sote twajua kuwa mshipa unaoulisha moyo ukizibwa na donge, ile sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa nao huanza kufa. Na kwa sababu hiyo ilidhaniwa kwa muda mrefu kwamba mshipa ukishazibuliwa msiba umekwisha. Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake huko Marekani waliifunga mishipa ya mioyo ya mbwa kwa muda, kisha wakaifungua, kisha wakaitazama nyama ya mioyo ile kwa darubini. Wakakuta kuwa katika nyama iliyorudishiwa damu, uharibifu ambao ungechukua muda wa siku nzima kudhihirika lau mshipa ungaliachwa umefungwa, ulikuwa umekwisha kudhihirika katika muda wa saa moja au pungufu. Damu iliyorudi haikuwa imekuja na uhai peke yake. Ubishi juu ya kiasi gani cha jeraha kihesabiwe juu ya marejeo ya damu, na kiasi gani kihesabiwe juu ya ukosefu uliotangulia, uliendelea baada ya hapo kwa miaka mingi, na katika baadhi ya mambo waendelea hata leo. Lakini kwamba jeraha la marejeo lipo, na kwamba ni jeraha la haki, hilo limethibiti katika moyo, katika figo, katika ini, katika utumbo na katika ubongo.

Ili kulifahamu, sharti tukubali kwanza kwamba hewa ya oksijeni, ambayo hapana mnyama wa jamii yetu aishiye bila yake, ina tabia mbili. Joseph Priestley, Mwingereza aliyeitenga hewa hiyo mwaka 1774, alikwisha kulihisi jambo hilo tangu mwanzo: alipoona jinsi mshumaa unavyowaka upesi na kwisha upesi ndani yake, alijiuliza katika maandishi yake ya mwaka uliofuata kama na sisi viumbe, tukiivuta ikiwa safi tupu, hatutayamaliza maisha yetu kabla ya wakati. Ilipita karibu karne mbili ndipo dhana yake ikapata dalili. Mwaka 1954 Rebeca Gerschman, mwanamke wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Rochester, Marekani, alitoa pamoja na wenzake hoja kwamba madhara ya oksijeni iliyozidi na madhara ya mionzi ya eksirei yana asili moja, nayo ni zile chembe za kikemia ziitwazo radikali huru, ambazo elektroni zake hazikukamilika kwa jozi, na kwa upungufu huo huzinyang'anya elektroni za kila kitu kilicho karibu nazo, yawe mafuta ya utando wa chembe hai, au protini, au hata ile asili ya urithi iliyohifadhiwa katika kiini. Hoja hiyo haikupata wafuasi wengi mpaka mwaka 1969, pale Joe McCord na mwalimu wake Irwin Fridovich, katika Chuo Kikuu cha Duke, walipogundua kuwa mwili wenyewe una kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuiangamiza mojawapo ya radikali hizo. Ugunduzi huo ulikuwa ushahidi mkubwa, kwa maana mwili usingaliiweka silaha ya namna ile katika chembe zake kama hatari yenyewe ingalikuwa ya kubuniwa tu. Na mwaka 1981 McCord huyo huyo, pamoja na Neil Granger na mwenzao wa tatu, walionyesha katika matumbo ya paka kwamba kimeng'enya kile kikitangulizwa mwilini, mishipa midogo ya utumbo uliopungukiwa damu haiharibiki kwa kiasi kile ambacho huharibika bila yake.

Yatukiayo ndani ya chembe hai ni haya. Damu ikikatika, oksijeni hukoma. Mitokondria, ambazo ndizo zitengenezazo nguvu za chembe, husimama. Nguvu iliyobaki hutumika na kwisha, asidi huzidi, na ile kazi ya kuitoa nje kalisiamu na chumvi hudhoofika hata vitu hivyo vikalimbikizana ndani. Wakati huo huo vitu vilivyokuwa vipite tu katika njia ya kutengeneza nguvu hukwama na kurundikana, na kimojawapo ni suksineti, ambayo mwaka 2014 Michael Murphy wa Cambridge na wenzake waliionyesha kuwa ni chanzo kikubwa cha balaa: maana oksijeni irudipo, rundo lile huunguzwa kwa ghafla, na elektroni kwa wingi wake hurudi nyuma katika njia ambayo desturi yake ni kupita kwenda mbele, zikaiangukia oksijeni mahali pasipo pake, na radikali zikazaliwa kwa maelfu katika dakika za mwanzo kabisa za marejeo ya damu. Ni mfano wa mfereji wa shamba uliokauka wakati wa kiangazi, udongo wake ukapasuka na takataka zikajaa ndani yake. Maji ya masika yakishuka kwa mkupuo hayainyweshi tu mimea, bali hubomoa kingo na kuzichukua. Katika chembe kingo hizo ni utando wa mitokondria, ambao chini ya shinikizo la kalisiamu na radikali kwa pamoja hufunguka tundu lisilofungika tena, na chembe iliyokuwa imeyavumilia yale maradhi ya ukosefu hufa kwa tiba yake. Kisha hufika chembe nyeupe za damu, zikiitwa na harufu ya uharibifu, nazo huongeza radikali zao wenyewe juu ya zile zilizokuwapo, na mishipa midogo huvimba na kuziba, hata ikawa mshipa mkubwa umezibuliwa ilhali nyama iliyo mbele yake bado haipati damu.

Hayo hutukia wapi? Hutukia katika moyo wa mtu aliyezibuliwa mshipa, na katika ubongo wa mwenye kiharusi ambaye donge lake limeyeyushwa. Hutukia katika figo lililotolewa kwa mtu mmoja, likahifadhiwa katika baridi ya nyuzi nne au karibu yake, kisha likashonewa kwa mtu mwingine. Na kwa kuwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, jambo hili si la nchi za mbali tena. Hutukia katika miguu na figo za mgonjwa ambaye mshipa wake mkuu wa tumbo umebanwa na mpasuaji ili apate kuutengeneza. Na hutukia, tena na tena, siku baada ya siku, katika mifupa na viungo vya watoto wetu wenye ugonjwa wa selimundu, ambao chembe zao nyekundu zilizopinda huziba mishipa midogo, zikaachia, zikaziba tena. Na hao ni wengi katika Afrika ya Mashariki kuliko wasikilizaji wengi wanavyodhani.

Yanipasa kusema hapa, kabla sijaendelea, neno ambalo laweza kusahauliwa katika mazungumzo ya namna hii. Jeraha la marejeo si hoja ya kuuacha mshipa umezibwa. Hasha! Mwaka 1986 matabibu wa Italia walitangaza natija ya majaribio yao juu ya wagonjwa wa moyo 11,806, ambao nusu yao walipewa dawa ya kuyeyusha donge na nusu hawakupewa. Vifo vilipungua kwa waliopewa, na kwa wale waliopewa katika saa ya kwanza tangu maumivu yaanze vilipungua kwa karibu nusu. Kiungo kisichorudishiwa damu hufa chote. Kilichorudishiwa hupata jeraha, lakini sehemu yake huokoka, na kadiri damu irudivyo mapema ndivyo sehemu hiyo iwavyo kubwa. Wataalamu watafutacho ni kuipunguza ile hasara iliyobaki, wala hawatafuti badala ya kuzibua.

Sasa na tuje kwenye mimea. Mmea husimama mahali pamoja maisha yake yote, juani na mvuani, hauwezi kukimbia mdudu wala kuvu wala mchana wa kiangazi, na kazi yake yenyewe ya kutengeneza chakula kwa mwanga huzalisha oksijeni na radikali ndani ya majani yake. Haukuwa na budi kujitengenezea kinga, na kinga hizo ndizo tunazozionja na kuziona sisi: ukali wa karafuu, uchungu wa chai, wekundu wa rozela na komamanga, rangi ya manjano isiyotoka kitambaani. Mzabibu ukishambuliwa na kuvu hutengeneza resveratroli. Kitunguu na tofaha vina kwersetini. Mzizi wa manjano una kurkumini, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1815 na ambayo umbo lake la kikemia lilibainishwa mwaka 1910. Mafuta ya karafuu, zao ambalo Sayyid Said aliamrisha lipandwe kwa wingi Unguja na Pemba, ni eugenoli sehemu yake kubwa. Na habasoda ina thaimokwinoni. Hizi zote huitwa antioksidanti, yaani vitu viwezavyo kuipa radikali elektroni na kuituliza pasipo vyenyewe kugeuka kuwa hatari.

Maabara kwa maabara, tangu India hata Misri, Uturuki, Uchina na Marekani, vitu hivyo vimejaribiwa kwa namna ambayo imekuwa karibu desturi. Panya hufungwa mshipa wa figo kwa muda wa nusu saa au dakika arobaini na tano, kisha hufunguliwa. Baadhi yao walikuwa wamelishwa kurkumini au thaimokwinoni au dondoo la komamanga kwa siku kadha kabla, na baadhi hawakulishwa. Baada ya siku moja damu yao hupimwa na figo zao hukatwa vipande vyembamba na kutazamwa. Aghalabu wale waliolishwa huonekana na figo zilizo na nafuu: taka za damu ni kidogo, mirija ya figo haikufa kwa wingi, mafuta yaliyoharibiwa na radikali yamepungua, na kinga za asili za mwili zimebaki juu. Hali kadhalika katika moyo, katika ini, katika ubongo, hata katika korodani na ovari. Matokeo haya yamerudiwa mara nyingi mno na watu wasiojuana, kwa mimea mbalimbali, na mimi siwezi kuyaita ndoto. Kuna jambo la kweli hapa, na mtu anayewacheka wazee waliotutia manjano katika mchuzi na karafuu katika pilau hajui alichekalo.

Walakini namna mimea hiyo inavyofanya kazi yake si ile iliyodhaniwa mwanzoni, na hapa ndipo elimu ya miaka ya karibuni imekuwa tamu kuliko ile ya kwanza. Ilidhaniwa kuwa kurkumini na wenzake huzikamata radikali moja moja kwa mikono yao wenyewe. Hesabu ilikataa. Kiasi kifikacho katika damu ya mtu aliyekula ni kidogo mno kuweza kushindana na radikali zizaliwazo katika dakika zile za mwanzo. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitenga katika brokoli kitu kiitwacho sulforafani, wakaonyesha kuwa huuamsha mwili utengeneze kwa wingi vimeng'enya vyake wenyewe vya kujilinda. Na miaka michache baadaye wataalamu wa Japani, Masayuki Yamamoto na wenzake, wakaifahamu swichi yenyewe iliyo ndani ya chembe, protini iitwayo Nrf2, ambayo hukaa imeshikiliwa na mlinzi wake mpaka kitu chenye ukali kimguse mlinzi yule na kumlegeza. Hapo Nrf2 huingia katika kiini na kuziwasha jeni nyingi za kinga kwa mara moja. Mimea mingi tuliyoitaja hufanya hivyo. Kwa maneno mengine, mmea hautusaidii kwa upole wake bali kwa ukali wake: ni sumu ndogo sana ambayo mwili huipokea kama onyo, ukajiandaa. Na jambo hili laafikiana na lile lililogunduliwa mwaka 1986 na Charles Murry, Jennings na Keith Reimer, kwamba moyo wa mbwa uliofungwa mshipa kwa dakika tano, ukafunguliwa, mara nne mfululizo, kisha ukafungwa kwa dakika arobaini, hufa sehemu iliyo robo tu ya ile ifayo katika moyo ambao haukuonywa.

Kutokana na hayo yapatikana pia sababu moja kubwa kwa nini matumaini ya maabara hayageuki upesi kuwa tiba. Onyo lahitaji muda. Panya wa maabara hulishwa kabla, kwa kuwa mjaribu ajua saa atakayoufunga mshipa. Ama mtu apatwaye na kiharusi alfajiri hakupewa ilani, na dawa imfikiayo baada ya damu kurudi imechelewa kwa jeraha ambalo kazi yake kubwa ilikwisha katika dakika chache. Fauka ya hayo, panya huyo ni kijana, mzima, wa ukoo mmoja na wenzake, ilhali mgonjwa wetu ana miaka sitini, ana sukari na shinikizo la damu, na anameza dawa nne. Na kurkumini yenyewe ni mgeni asiyekaa: ikiliwa, sehemu kubwa hupita na choo, na kidogo kiingiacho hufungwa na ini na kutolewa haraka. Mwaka 1998 wataalamu wa Bangalore walionyesha kuwa piperini, ambayo ndiyo ukali wa pilipili manga, ikiliwa pamoja na kurkumini huizidisha katika damu ya watu kwa asilimia 2,000. Na wapishi wa pwani, ambao hawakuzitenganisha mbili hizo chunguni tangu zamani, wana haki ya kufurahi kwa habari hiyo, ingawa nitakuja kueleza kwamba furaha hiyo ina upande wake wa pili.

Kuna na sababu nyingine, ya aibu, ambayo sipendi kuificha. Januari 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kuwa mtafiti wake mmoja, ambaye sifa yake ilikuwa ni kazi zake juu ya resveratroli ya zabibu na moyo uliokatiwa damu, alikutwa na makosa 145 ya kubuni na kughushi takwimu. Huyo hakuwa mtafiti pekee wa jambo hilo, na kazi za wengine hazikuanguka pamoja na zake. Lakini katika fani ambayo kila karatasi husema mmea umefaulu, na karatasi zisemazo umeshindwa hubaki dawatini, msomaji mwaminifu hana budi kukata kiasi fulani cha sifa kabla hajaziamini.

Mizani ya haki ni watu wenyewe, waliogawanywa kwa kura, baadhi wakapewa dawa na baadhi kidonge kitupu, pasipo wao wala matabibu wao kujua nani kapewa nini. Majaribio hayo yapo, ingawa ni machache. Mwaka 2005 ilitangazwa habari ya watu 43 waliopandikizwa figo za marehemu, ambao miongoni mwao waliopewa vidonge vya kurkumini na kwersetini figo zao zilianza kazi mapema kuliko wasiopewa. Mwaka 2012 Chiang Mai, huko Thailand, wagonjwa 121 waliofanyiwa upasuaji wa kuwekewa njia mpya za damu ya moyo walijaribiwa, na shambulio la moyo baada ya upasuaji liliwapata asilimia 30 ya wasiopewa kurkumini, na asilimia 13 tu ya waliopewa. Mtu akiishia hapo atatoka mbio kwenda dukani. Lakini mwaka 2018 Wakanada wakatangaza jaribio kubwa zaidi, watu 606 katika hospitali kumi, wote wakifanyiwa upasuaji wa kutengeneza mshipa mkuu wa tumbo uliovimba, yaani ule ule upasuaji ambao nimeutaja kuwa damu hukatwa na kurudishwa. Nusu walipewa kurkumini kwa siku nne, kuuzunguka upasuaji. Haikuwafaa kitu. Dalili za uvimbe na za jeraha katika damu hazikupungua. Na figo, ambazo ndizo zilizokusudiwa kulindwa, ziliumia katika asilimia 17 ya waliopewa kurkumini, dhidi ya asilimia 10 ya wasiopewa.

Nawaomba wasikilizaji wakae na hesabu hiyo kidogo. Kitu kile kile, kilichoziokoa figo za panya kwa miaka ishirini, kikiwa katika mzizi uliomo jikoni mwa kila nyumba ya pwani, kilipotolewa kwa kipimo kikubwa kwa watu wazima wagonjwa hakikuwaokoa, na huenda kikawadhuru. Wala si mmea peke yake uliopatwa na hayo. Kimeng'enya cha McCord na Fridovich, kilichotengenezwa kwa ustadi na kutiwa mishipani mwa wagonjwa wa moyo, hakikuleta nafuu katika jaribio lililotangazwa mwaka 1994. Na dawa iitwayo NXY-059, iliyotengenezwa maabara kwa ajili ya kuzinasa radikali katika ubongo wenye kiharusi, ilifaulu katika jaribio la kwanza na ikashindwa mwaka 2007 katika la pili, lililokuwa na wagonjwa zaidi ya 3,000. Radikali nazo zina kazi zao halali mwilini, mojawapo ikiwa ni hiyo hiyo ya kutoa onyo, na mwenye kuzifuta zote hufuta na onyo.

Pamoja na hayo sikati tamaa, na sababu yangu ni mbegu ya seleri. Humo Wachina walipata kitu kiitwacho butilfthalidi, wakakitengeneza kwa mkono wa maabara kikiwa safi, wakakijaribu kwa subira, na mwaka 2002 serikali yao ikakiruhusu kuwa dawa ya kiharusi. Mwaka 2023 ilitangazwa natija ya jaribio la wagonjwa 1,216, ambao wote walikuwa wamefikishwa hospitali mapema na kupewa tiba ya kuyeyusha donge au kulivuta kwa waya, na nusu yao wakaongezewa dawa hiyo: baada ya siku tisini waliokuwa na hali njema ni asilimia 56.7 ya walioongezewa, na asilimia 44 ya wasioongezewa. Natija hiyo yahitaji kurudiwa nje ya Uchina, na dawa ile ina kazi nyingi zaidi ya kuzuia radikali. Lakini itazameni njia iliyopitiwa: kipimo kinachojulikana, usafi unaojulikana, mgonjwa aliyewahishwa, na mmea uliokuja kuisaidia tiba ya kurudisha damu, si kushika mahali pake. Njia hiyo ndiyo ninayoitamani kwa mimea yetu. Vyuo vyetu vina watu wenye elimu ya kutosha kutenga kilichomo katika majani na mizizi. Kinachotupungukia ni kuvuka kutoka kwa panya kwenda kwa mgonjwa kwa utaratibu ule ule mzito, na serikali zetu zikiweka fedha hapo zitakuwa zimezitumia vema kuliko katika maonyesho ya chupa zenye lebo za rangi.

Juu ya chupa hizo nina neno. Zipo zinazouzwa kwa hesabu ya nguvu ya antioksidanti iliyopimwa katika kichupa cha kioo, na karafuu katika hesabu hizo huwa karibu na kileleni. Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo iliwahi kuchapisha orodha kubwa ya vipimo hivyo, iliiondoa mwaka 2012 kwa sababu nguvu ya kichupani haikuonyesha manufaa yoyote yaliyothibitika mwilini, na wafanyabiashara walikuwa wakiitumia vibaya. Na wale wasemao kwamba kitu cha asili hakidhuru, na wakumbuke Wafini: mwaka 1994 ilitangazwa kuwa miongoni mwa wavuta sigara 29,133 waliojaribiwa huko Ufini, wale waliopewa vidonge vya betakarotini, rangi ile ile ya karoti, walipata saratani ya mapafu zaidi ya wasiopewa.

Ama ule upande wa pili nilioahidi kuueleza, ni huu. Piperini huongeza kurkumini katika damu kwa kuwa huzizuia zile njia ambazo mwili huondolea vitu vigeni, na njia hizo ndizo ziondoazo dawa nyingi za hospitali. Balungi hufanya hivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu mtu aliyepandikizwa figo hukatazwa kulila pamoja na dawa za kuzuia mwili usilikatae figo. Kuna na mimea ifanyayo kinyume: mwaka 2000 matabibu wa Zurich walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, wakanywa dawa ya mmea wa Ulaya uitwao hiperiki kwa ajili ya huzuni, ambayo iliishusha katika damu dawa yao ya kuzuia mwili usiukatae moyo, hata miili ikaanza kuikataa mioyo ile.

Basi, mchuzi wenu uwe na manjano na pilipili manga kama ulivyokuwa, chai yenu iwe na karafuu, na komamanga na rozela zinyweke kwa afya njema; kiasi cha chakula kwa kawaida hakimdhuru mtu mzima, na mwenye kula mboga na matunda kwa wingi moyo wake una siha kuliko wa asiyekula. Lakini mtu akishikwa na maumivu ya kifua yasiyotulia, au uso wake ukapinda upande mmoja, au mkono ukalegea, au maneno yakamkwama kinywani, msimchemshie chochote wala msimngojee apumzike: mpelekeni hospitali saa ile ile, na mkumbuke saa dalili zilipoanza, maana ndilo swali la kwanza atakaloulizwa. Na aliye na miadi ya upasuaji, au amezaye dawa za moyo, za kuzuia damu isigande, au za figo lililopandikizwa, namsihi akienda kwa tabibu achukue na kile kichupa cha habasoda na ile pakiti ya vidonge vya manjano, aviweke mezani mbele yake, na aseme ni kiasi gani anywacho kila siku.